Dola ya 1799 iliyosuguliwa au nusu dola tatu ambazo hazijaguswa?

Msasani_Philly:
Wakuu, habari zenu. Nimejibana mwaka mzima nikafikisha dola 1,500, nataka kuanza kukusanya sarafu za fedha za mwanzo za Marekani. Muuzaji mmoja ana dola ya 1799, ila ina mistari usoni, nahisi ilishasuguliwa. Mwingine ana nusu dola tatu za miaka ya 1820, zile za Liberty (mwanamke anayewakilisha uhuru) mwenye kofia, na anasema hazijaguswa. Bei zinakaribiana. Moyo wangu uko kwenye dola. Mnasemaje?

MzeeWaMizani:
Chukua nusu dola, mwanangu. Dola zilikuwa zinatoka nje ya nchi na kuyeyushwa, mpaka wakaacha kuzipiga mwaka 1804. Tangu hapo nusu dola ndiyo ikawa sarafu yao kubwa ya fedha, na nyingi zililala kwenye mifuko ya benki, zikihama benki hii kwenda ile bila kufika sokoni. Ndiyo maana unapata yenye miaka karibu 200 na nywele za Liberty bado zinahesabika. Dola kwa hela hiyo utaipata imelika au imechezewa.

Tupa_na_Nyundo:
Shikamoo Mzee. Ni kweli, ila tusiizike dola mapema. Hiyo mistari ikoje? Pale kwenye kiwanda cha sarafu Philadelphia, kipande cha fedha kikizidi uzito kilipigwa tupa kabla ya kugongwa chapa. Utaiona zaidi kwenye dola za 1794 na 1795, na mimi naipenda mno, maana ni alama ya mkono wa fundi. Shika lenzi: mistari ya tupa ni minene, imelala sambamba, na chapa imeikandamiza. Ya kusugua ni myembamba kama unywele na inapita juu ya kila kitu.

Msasani_Philly:
Nimerudi dukani na lenzi. Ni myembamba, inazunguka shavuni hadi shingoni, na sarafu nzima inang'aa kama sufuria mpya.

Tupa_na_Nyundo:
Hiyo imesuguliwa. Iache.

BintiShangani:
Mimi namwelewa anayelilia dola. Zile zenye mwaka 1804 zilianza kupigwa 1834, ziingie kwenye seti za zawadi za kidiplomasia. Mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alimpelekea seti moja Sayyid Said bin Sultan, huyu huyu wetu wa Muscat na Unguja! Zote zinazojulikana duniani hazifiki 20. Kwa hiyo ukiletewa ya 1804 kwa bei ya kuongea, kimbia.

MzeeWaMizani:
Marahaba, Tupa. Msasani, kabla hujatoa hela pima: nusu dola ilitoka kiwandani na gramu 13.48, iliyotumika hupungua kidogo. Kisha izungushe chini ya taa usome ukingoni: FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR. Ukiona mshono, imemiminwa, ni bandia. Ikiwa ndani ya plastiki ya PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha na kupanga ubora wa sarafu, hakiki namba kwenye tovuti yao, maana hata plastiki zinaigwa.

Msasani_Philly:
Nimechukua mbili, ya 1826 na ya 1827. Mizani imesoma 13.4 kwa zote. Ya tatu nimeirudisha: juu ya kofia kulikuwa na tundu lililozibwa, na nyota zilizochongwa upya pale hazifanani na wenzake. Ya 1826 ni ya kijivu, ikielekea buluu pembeni. Mke wangu ameishika muda mrefu kuliko mimi. Hela iliyobaki naiwekea dola, nitaisubiri isiyosuguliwa.