Dirisha la "Sasisha sasa" liseme kabla ni kiendelezi kipi kitazimwa!

Wakuu, hili jambo limezidi. Steshenari nyingi za Tabora mjini, Kanyenye mpaka Ng'ambo, zinategemea kompyuta moja au mbili kwa kila kitu: kuskani, kuprinti, maombi ya ajira, maombi ya mikopo ya wanafunzi. Kivinjari (Chrome, Firefox) kinaleta dirisha, toleo jipya lipo, sasisha sasa. Kijana wa kaunta anabonyeza. Kikiwaka tena, kiendelezi cha kuzuia matangazo (ekstensheni, kama wengi tunavyoita) kimezimwa, video za matangazo zinakula bando, foleni imefika mlangoni, na lawama zote anabebeshwa yeye. Dirisha halikumwambia kitu!

Kinachouma ni kwamba taarifa ya kumwonya ilikuwa humo humo kwenye mashine. Bandika hii kwenye upau wa anwani wa mafolda ya Windows:

%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data\Default\Extensions

Kila folda yenye jina la herufi 32 zisizosomeka ni kiendelezi. Ingia, fungua folda ya toleo, kisha fungua manifest.json kwa Notepad na utafute "manifest_version". Ikiwa 3, mfumo wake ni mpya. Ikiwa 2, Chrome za sasa hazikipokei; kuanzia toleo la 139 hata ile sera ya ofisi (mpangilio wa msimamizi wa kompyuta) iliyokuwa ikiruhusu kukirudisha kwa muda haipo tena. Kujua jina lake, fungua chrome://extensions, washa hali ya wasanidi (Developer mode), ulinganishe herufi. uBlock Origin ya kawaida, kile kizuia matangazo, iko kwenye kundi hilo la 2, ndiyo maana imezimwa kwa watu wengi. uBlock Origin Lite iko kwenye 3, ingawa haina uwezo wote wa ile ya kwanza.

Tarakimu moja tu! Programu inayoweza kujipakua, kujifungua na kujisakinisha inashindwaje kusoma tarakimu moja kabla ya kumhimiza mtu abonyeze?

Najua atakuja mtu kusema onyo lilitolewa. Kweli, Chrome ilianza kuonya mwaka 2024, na Firefox nayo iliweka alama kwenye viendelezi vya zamani kabla ya toleo la 57 la Novemba 2017 lililovizima vyote kwa mpigo. Lakini maonyo hayo yalikaa kwenye ukurasa wa viendelezi. Nani anaufungua ukurasa huo asubuhi akiwa na wateja? Onyo linatakiwa kukaa pale kidole kinapobonyeza. Wala si jambo geni: Firefox za enzi ya toleo la 3 zilikuwa zinakagua viendelezi kwanza, na kama sasisho lingevizima, dirisha lilisema hivyo na kukupa orodha.

Dirisha la maana lingefanya hivi. Likague viendelezi vilivyowashwa tu. Vilivyozimwa vikiingia kwenye orodha, mtu ataizoea na kuipuuza. Liulize kwenye duka la viendelezi la kivinjari kama kiendelezi kina toleo linaloendana, na mtandao ukikatika liseme "sijaweza kuhakiki", lisinyamaze kana kwamba mambo ni salama. Litenganishe vitakavyojisasisha vyenyewe na vitakavyokufa moja kwa moja. Litaje MB za kupakua. Kitufe cha kuahirisha kiwepo, ila kisiwe cha kukataa milele, maana masasisho haya yanaziba matundu ya usalama na mashine za kaunta zinaingizwa nywila za watu kutwa nzima.

Kurudi nyuma si rahisi. Tangu Firefox 67, ukiweka toleo la zamani juu ya wasifu (folda yenye alamisho, nywila na mipangilio yako) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya, linakataa kuufungua na kukutaka uunde mwingine mtupu. Kwa hiyo kabla ya kuapdeti fungua about:support, bonyeza kitufe cha kufungua folda ya wasifu, funga Firefox kabisa, kisha nakili folda nzima kwenye flashi. Usinakili Firefox ikiwa bado imewaka, mafaili ya alamisho na nywila yanaweza kutoka nusu nusu. Flashi hiyo uifungie, nywila zote zimo.

Wenye Windows 7, Chrome yenu iliishia 109. Tumieni Firefox 115 ya msaada wa muda mrefu, na hakikisheni ni 115.13 au zaidi: cheti cha msingi (kinachotumika kuthibitisha viendelezi) kilichomo kwenye zile za chini yake kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025, na viendelezi vinaweza kuzimwa hata kama hamjagusa kitu. Hapo kuapdeti ndiyo dawa yenyewe. Mtu aliyekwisha kuumizwa na dirisha bubu atathubutu vipi kubonyeza? Hayo ndiyo madhara ya kunyamaza, na wanaotengeneza madirisha haya wanayajua.

Wadau wa Urambo, Sikonge na Nzega, wekeni hapa jina la kiendelezi kilichozimwa, toleo la kivinjari kabla na baada, na Windows gani. Bila hizo tatu hatuwezi kumsaidia mtu.