Tupeane uzoefu: ulipotoa maoni kwenye mchoro wa mipango miji Dodoma, yalifika wapi?

Mwanzisha mada
Mbukwenyi wakuu. Mtaani kwetu tumetangaziwa mkutano Jumamosi, mchoro wa mipango miji unaletwa tuutolee maoni. Nimekulia Dodoma ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa inapanga mji na kugawa viwanja. Mpango wa mji wa 1976 tulikuwa tunausikia kama jambo la wakubwa, unaujua siku nyumba inapochorwa X nyekundu. CDA ikavunjwa 2017, mwaka uliofuata tukawa jiji, na sasa kuna Mpango Kabambe wa jiji zima, wa 2019 hadi 2039. Lakini mchoro wa mtaa ndio unaokuambia ulipojenga ni makazi, biashara au hifadhi ya barabara. Sitaki kwenda kusaini mahudhurio tu nirudi. Aliyewahi kusikilizwa, au kupuuzwa, atueleze ilikuwaje.

Mama Chiku
Sisi tuko chini ya mlima. Wapimaji walikuja Agosti, vumbi tupu, korongo limekauka watoto wanachezea mpira ndani. Mchoro ulipobandikwa ukutani, korongo zima limekatwa viwanja vya makazi!

Siku ya mkutano fidia ilijadiliwa karibu saa mbili. Kisha akainuka bibi jirani yangu, Mgogo mzaliwa wa hapohapo, kusoma hajui. Akaomba aonyeshwe msikiti ulipo kwenye ile karatasi. Akaweka kidole pale, akakishusha taratibu: "Maji yanatoka huku, yanapinda hapa, yanatokea kule kwenye mibuyu. Mbuzi wangu wanne yaliwabeba." Ukumbi ukanyamaza. Afisa akasema, "Sawa bibi, tumekusikia."

Mkutano ulipofungwa nikamwomba aliyekuwa anaandika muhtasari anisomee habari ya korongo. Haikuwemo. Kulikuwa na fidia, fidia, fidia. Niliumia sana.

Usiku uleule tukaandika barua: korongo linaanzia wapi, linaishia wapi, linapita viwanja namba ngapi. Tukaambatanisha picha nilizopiga kwa simu Januari, maji yamemfika mwanangu magotini. Tukasaini watu 31. Nakala moja tukaiacha, nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa tukabaki nayo. Mchoro uliporudi, viwanja 11 vimeondolewa na korongo limewekwa hifadhi. Kuna jirani alishanunua humo, mpaka leo salamu yake ni ya shingo upande. Namwelewa, hela yake ilikuwa ya jasho.

Mkulima wa zabibu
Yangu hayakufika popote. Shamba la mizabibu aliloacha baba, tulikuwa tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mkutano ulitangazwa kwa gari la kipaza sauti, mimi niko Dar. Nilipofika naambiwa mchoro umeshaidhinishwa, kilichobaki ni kuzungumzia fidia, matumizi ya ardhi hayajadiliwi tena. Mlio mbali, mwachieni mtu wa nyumbani jukumu la kufuatilia mbao za matangazo. Ile mizabibu niling'oa kwa mkono wangu.

Mpimaji
Nimefanya kazi hii miaka mingi. Mwananchi akisema "tunapinga", hakuna ninachoweza kuchora. Akisema "hii barabara ya mita 12 isogee mashariki, inapita juu ya makaburi ya familia", hapo nina kazi ya kufanya. Halafu ulizeni mapema: hii ni rasimu, au imeshapitishwa? Jibu hilo ndilo linaloamua kama mnatoa maoni au mnapewa taarifa.

Na wenzetu wa upande wa Makutupora, mkiona eneo mmezuiwa kujenga, kumbukeni visima vya maji ya jiji viko huko. Vyoo vya shimo vikijaa juu yake, tutakayoyanywa ni hayohayo.

Mwanzisha mada
Dada Chiku, ahsante sana. Kwetu nako kuna korongo, na kwenye simu yangu sina hata picha moja ya masika. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuziomba. Mpaka jioni hii nimepata tatu, moja ina daraja la miti likiwa limezama kabisa.