"Mfumo umekataa", haya tuonesheni unavyokataa!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Shangazi yangu analima mwani huku mashariki ya Unguja. Kikundi chao kiliomba mkopo wa serikali wa kununulia kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani). Fomu wamejaza, sheha (kiongozi wetu wa mtaa) kagonga muhuri, ZanID, yaani vitambulisho vya Wazanzibari, zote zimeingizwa kwenye kompyuta. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu: ombi lenu halikukidhi vigezo. Basi! Vigezo vipi, hakuna alosema.

Tukenda afisini (sitaji jina, wenyewe wanajijua). Kijana wa dirishani, wala hana ubaya, akasema, "Mama, si mimi, mfumo ndio uliokataa." Shangazi akamuuliza, "Na huyo Mfumo yuko chumba gani, mwanangu, nikazungumze naye?" Watu wakacheka. Mie sikucheka. Mkubwa wake naye akasema hawezi kubadilisha kitu, tuombe tena mwakani.

Sasa tumebaki kukisia. Mkulima wa mwani hana mshahara. Mwani unakaa baharini kama wiki sita, unavunwa bamvua maji yakitoka sana, unaanikwa, kisha unamsubiri mnunuzi aje anapotaka yeye. Pesa zinaingia kwa mkupuo, halafu kimya. Kompyuta ikipangwa itafute kipato cha kila mwezi, itakuta miezi mitupu na kusema huyu hawezi kulipa. Au wamekatwa kwa umri? Au ni jina, Mwanakhamis kwenye ZanID na Mwanahamisi kwenye laini ya simu? Hatujui, na hapo ndipo roho inaponiuma, maana utakataje rufaa juu ya sababu usiyoambiwa?

Na msinambie mashine haikosei. Australia serikali ilichukua kipato cha mwaka mzima cha watu waliopokea msaada wake, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, ikawadai watu madeni wasiyokuwa nayo. Wenye kazi za leo ipo kesho haipo ndio waloumia. Mpango wenyewe ukaja kuonekana si halali, na ripoti ya tume ya uchunguzi ikatoka 2023. Uholanzi nako maelfu ya wazazi walifanywa matapeli wa posho za malezi ya watoto, na kuwa na uraia wa nchi mbili kulihesabiwa alama ya hatari. Januari 2021 serikali ya waziri mkuu wao wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu. Kwetu nani ajiuzulu? Tuyaache hayo.

Njooni kwenye sheria, khasa hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi wa mashine uangaliwe upya. Raha kuisikia. Lakini isomeni inatumika wapi: kwa Zanzibar, mambo yasiyo ya Muungano, yale Zanzibar inayojiendeshea wenyewe, hayamo. Kamba za mwani ni jambo la Muungano? Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ndiyo kabisa, ya Bara tu. Mtu wa Tanga ana pa kuanzia, mtu wa Paje aombe tena mwakani. Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi hapo Chukwani, hili mnalijua?

Sizipingi kompyuta. Zamani ilikuwa "wewe mtoto wa nani", na kama mashine inaondoa hilo, iletwe hata kesho. Ila vigezo vikifichwa, nani ajue kama kujuana hakukutiwa humo humo ndani?

Vigezo vibandikwe kwa sheha kabla watu hawajaomba. Sababu iandikwe kwenye huo huo ujumbe wa kukataa. Na awepo mtu mwenye jina na madaraka ya kusema hapa mashine imekosea, mpeni haki yake.

Nani humu kakataliwa na "mfumo", iwe ajira, leseni au posho, akapewa sababu kwa maandishi? Aiweke hapa, afute majina na namba. Na nyie mtakaokuja na "hii siasa", shangazi siasa haijui, anataka kamba.