Tupeane uzoefu: kujitengenezea karatasi za kufungia sarafu nyumbani

Duka_Kayole:
Wadau, habari za jioni. Nina duka la rejareja huku Kayole, Nairobi. Pesa nyingi siku hizi zinaingia kwa simu, lakini asikudanganye mtu kwamba sarafu zimeisha. Watoto wanatumwa na kumi kumi, mama mboga anakuja kuomba chenji, na makanga wanagonga dirisha kabla hakujapambazuka. Jioni ndiyo shida: mkebe umejaa, unahesabu, mteja anaita, unarudi unaanza upya.

Kwa hivyo nimezoea kuzifunga kwa karatasi ninazokata mwenyewe, na nimeona inasaidia sana. Nataka tupeane uzoefu. Nani mwingine anafanya hivi? Unatumia karatasi gani, unafunga ngapi ngapi, na unafanyaje zisifunguke?

Niweke langu kwanza. Kila kibunda nakifanya kilingane na noti. Za bob (shilingi) moja 50, hiyo ni noti ya hamsini. Za tano 20, noti ya mia. Za kumi 20, noti ya mia mbili. Za ishirini 25, noti ya mia tano. Mtu akija na noti nampa kibunda, hakuna kuhesabu. Nimeona wengine wakifunga kumi kumi za kila aina, lakini hapo bado utapiga hesabu kichwani, na asubuhi yenye foleni sitaki hesabu yoyote.

Karatasi ni ile ya pakiti ya unga wa kilo mbili. Usiitupe. Ipasue kwenye gundi, ipanguse unga kwa kitambaa kikavu (maji yanailegeza), uilaze chini ya kitu kizito usiku kucha. Asubuhi imenyooka na ni ngumu kuliko karatasi yoyote ya daftari. Gazeti nililiacha zamani: linapasuka kwenye kona na wino unabaki vidoleni.

Kipimo sihitaji rula. Natia alama ya kalamu kwenye ukingo wa sarafu, naisimamisha kwenye karatasi na kuibiringisha hadi alama irudi chini. Huo ni mzunguko mmoja. Mimi nakata mizunguko mitatu. Upana ni urefu wa zile sarafu zikiwa zimepangwa, ukiongeza upana wa kidole kila upande wa kukunjia. Kwa za tano kidole kizima ni kingi, weka nusu kidole tu.

Njugu_TomMboya:
Mama Duka, umenigusa. Mimi nauza njugu mjini, na kukunja karatasi ndiyo kazi ya mikono yangu tangu nikiwa kijana. Acha nikuambie penye siri: ni mwishoni, pale unapofunga mdomo. Watu wengi wanakunja pande nne kama zawadi. Hapo zinabaki pembe nne, na kila pembe ni mlango. Ukiweka mfukoni, pembe moja inainuka, sarafu ya kwanza inatoka, na zingine zinafuata.

Fanya hivi. Shika kibunda kwa mkono wa kushoto kimesimama. Kwa kidole gumba cha kulia sukuma ukingo wa karatasi ndani kidogo tu, zungusha kibunda kidogo, sukuma tena, zungusha, sukuma. Mikunjo midogo midogo, kila mmoja unalala juu ya mwenzake, hadi mdomo ujifunge wenyewe katikati. Kisha chukua sarafu nyingine, iweke juu ya mkunjo na ukandamize kwa nguvu mezani. Unasikia karatasi inakaa. Baada ya hapo hakuna haja ya gundi mwishoni, gundi ni ya ubavuni tu.

Na usisubiri jioni ndipo uanze kukata. Mimi natengeneza maganda matupu mapema, nikiwa sina wateja, nimefunga mdomo mmoja tayari. Jioni ni kutia tu. Ukitia, lilaze ganda mshazari, sarafu iteleze ubavuni. Ukiidondosha wima inageuka upande na kukwama katikati, na ukilazimisha, karatasi inapasuka.

Duka_Kayole:
Asante sana kaka. Hiyo ya mikunjo midogo nimeijaribu sasa hivi na kibunda cha kumi, nimekitupa sakafuni, hakijafunguka. Mungu akubariki.

FundiBomba_Githurai:
Kwa maganda matupu mnahitaji kitu cha kuviringishia. Nenda kwa fundi yeyote wa mabomba umwombe vipande vilivyobaki, tunavitupa kila siku. Bomba la PPR (la plastiki) tunaloliita nusu inchi lina milimita 20 kwa nje, na kwa sarafu ya tano linafaa sana. Kwa zingine chukua mpini wa fagio, uviringishie karatasi mzunguko baada ya mzunguko hadi unene utoshe, kisha ufunge na selotepu. Jaribio ni rahisi: laza sarafu juu ya ncha. Ikijitokeza kidogo sana pembeni, bado mti ni mwembamba, ongeza mzunguko. Mti ukiwa mpana kuliko sarafu kwa nywele moja tu, umepata.

Piga msasa ncha. Ncha yenye makovu inakwaruza karatasi wakati wa kuchomoa ganda.

Mhazini_Kawangware:
Bwana asifiwe. Mimi ni mhazini wa kanisa, na sadaka ya watoto wa Sunday school karibu yote ni sarafu. Napenda mada hii kwa sababu kwetu si suala la kurahisisha tu, ni suala la uaminifu. Pesa ya Mungu ikipungua hata shilingi kumi, maneno yanayofuata ni mengi kuliko pesa yenyewe.

Utaratibu wetu ni huu. Tunakaa watatu mezani, mlango wazi. Wa kwanza anatenga kwa wanyama. Tangu sarafu mpya zilipotoka Desemba 2018 hata mtoto anaweza kutenga: twiga ni moja, kifaru ni tano, simba ni kumi, ndovu ni ishirini. Zile za zamani zenye sura za marais bado ni halali, tunazitenga kwa namba. Hapo ndipo panataka macho, maana ya moja na ya kumi zinakaribiana ukubwa, na mwanga wa jioni ukiwa hafifu twiga anaingia kwa simba. Wa pili anahesabu na kupanga. Wa tatu anahesabu upya ndipo anafunga.

Karatasi ni programu za ibada zilizobaki, upande uliochapishwa tunauweka ndani. Baada ya kufunga, wawili waliohesabu wanatia sahihi kwenye ule mshono wa gundi ubavuni, nusu ya sahihi upande huu na nusu upande ule. Kibunda kikifunguliwa na kufungwa tena, sahihi haikutani. Tulianza hivyo baada ya mvutano mkubwa kati ya kamati mbili, na tangu hapo hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Nawasihi wenye vyama na vikundi vya akina mama mfanye hivyo. Inawalinda wanaohesabu, ambao mara nyingi ndio wanaoumia bure.

Dada yangu anaishi Marekani. Kule, anasema, karatasi hizi zina rangi kwa kila sarafu na hesabu moja nchi nzima: senti moja ni nyekundu, 50 ndani, senti tano ni buluu, 40, senti kumi ni kijani, 50, robo dola ni chungwa, 40. Mtu hasomi, anaangalia rangi. Nasi tunapaka mstari wa kalamu ya rangi katikati ya kibunda. Yeyote kati yetu akifungua sanduku anajua kilichomo bila kugusa.

KondaMstaafu:
Nimefanya kazi ya ukonda barabara ya Rongai miaka mingi kabla sijaacha. Nawaheshimu wote hapo juu, lakini sikilizeni na upande wa anayepokea kibunda.

Siku moja alfajiri, stejini, nikanunua chenji kwa mtu. Vibunda vya kumi kumi, vimefungwa vizuri, vizito mkononi. Gari likajaa, tukaondoka, nikafungua kimoja nirudishie abiria. Sarafu tatu juu ni halali, tatu chini ni halali, katikati ni washa za chuma, zile za fundi wa gari. Zilikuwa na ukubwa uleule. Abiria wananiangalia, tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, na yule muuzaji sikumwona tena.

Kwa hivyo mimi nasema: kibunda kilichofunikwa pande zote si cha kubadilishana na mtu usiyemjua. Mtu wako wa karibu sawa, sahihi ya kanisa sawa. Lakini kwa biashara ya barabarani kiwe na dirisha. Kabla hujaviringisha, kata nafasi nyembamba katikati ya karatasi, upana wa nusu kidole, ili kingo za sarafu zote zionekane kwa upande mmoja. Ukiipitisha ukucha unazihesabu moja moja, na washa inajulikana mara moja kwa sababu ya rangi yake.

Duka_Kayole:
Mzee, pole sana. Hiyo ya dirisha sikuwahi kuiwaza. Lakini ukikata nafasi na karatasi inazunguka mara tatu, dirisha si litafunikwa na mizunguko mingine?

KondaMstaafu:
Swali zuri mama. Chukua karatasi ngumu zaidi, hiyo yako ya unga inafaa, na uzungushe mara moja na robo tu. Robo inayolaliana ndiyo ya gundi, dirisha linakuwa upande wa pili. Ikiwa ni karatasi laini, acha hiyo njia.

Dada_Umoja:
Kuhusu gundi. Uji wa unga wa ngano unashika vizuri na hauna gharama, lakini vibunda vikikaa droo moja wiki nzima, mende wanakula mshono wote. Kwangu walimaliza, sarafu zikabaki zimelala kwenye vipande vya karatasi. Sasa natumia gundi nyeupe ya seremala, mstari mwembamba kama uzi. Ukipaka nyingi karatasi inalowa, inajikunja, na sarafu ya mwisho inagandia humo.

Nyingine: msipeleke vibunda benki bila kuuliza. Mimi nilibeba mfuko mzima hadi kwenye tawi moja mjini, karani akaniambia havipokelewi kwa sababu haoni ndani, nivifungue vyote pale kwenye kaunta. Foleni nyuma yangu, kazi yote ya jioni ikapasuliwa mbele ya macho yangu. Niliumia. Tangu hapo vibunda vyangu ni vya kuuzia jirani chenji, na za benki naziacha zimetengwa tu kwenye vifuko vinavyoonyesha.

Babu_Dagoretti:
Wanangu, nimewasoma nikakumbuka. Sisi tukiwa wadogo, kabla ya pesa ya Kenya kuanza mwaka 1966, tulitumia senti za Afrika Mashariki. Ya tano na ya kumi zilikuwa na tundu katikati. Mama yangu alikuwa akirudi sokoni Dagoretti anazitunga kwenye uzi wa katani, za tano peke yake na za kumi peke yake, anafunga fundo, ananing'iniza nyuma ya mlango. Haikuhitaji karatasi wala gundi, na kuzihesabu ni kuzisukuma kwa kidole kwenye uzi. Sarafu za leo hazina tundu, basi endeleeni na hizo karatasi zenu, lakini nampa hongera huyu mhazini wa sahihi. Hilo ni jambo la watu wazima.

Mhazini_Kawangware:
Asante babu, shikamoo. Senti zenye tundu nimeziona kwa marehemu nyanya, sikujua zilikuwa zikitungwa hivyo.

MajiMathare:
Nauza maji kwa mtungi. Karibu kila anayekuja analipa kwa sarafu, na mkono wake umelowa, na wangu umelowa. Karatasi kwangu ilikuwa inaoza kabla ya jioni, nikaona haiwezekani kabisa.

Nilichofanya ni kutenganisha muda. Mchana sarafu zinaingia kwenye mikebe miwili ya maziwa ya unga, mmoja wa tano na mmoja wa kumi, na kila mkebe nimetoboa chini kwa msumari maji yachuruzike. Nikifika nyumbani nazimwaga kwenye kitambaa cha taulo, nazifunika, nazisugua kidogo, nakula kwanza. Baada ya chakula zimekauka, ndipo nakaa na watoto tunafunga. Sarafu yenye unyevu, hata ule usioonekana, inaacha alama ya kutu kwenye karatasi na mshono unaachia.

Mtoto wangu wa darasa la tano ndiye mhesabu. Anapanga mirundo ya sarafu kumi kumi, miwili miwili, bega kwa bega, na anapitisha rula juu: mrundo mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine rula inainama, anajua kuna iliyozidi. Hesabu yake ya shule imeimarika, mwalimu mwenyewe aliniuliza tunafanya nini nyumbani.

Fundi wa Githurai, nitakupataje kile kipande cha bomba cha za tano? Huku Mathare wanaviuza, hawatoi bure.

FundiBomba_Githurai:
Dada, niandikie inboksi. Jumamosi nina kazi karibu na Huruma, nitakukatia viwili, kimoja cha tano na kimoja nikiongeze unene kwa ajili ya kumi. Njoo na sarafu zako tupime hapo hapo.