Usakinishaji wa programu ya bili unakwama asilimia 90: naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MsomaMita_Mamboleo: Salamu kutoka Kisumu. Mradi wetu wa maji unahudumia nyumba zipatazo 2,300, na uongozi umenunua programu mpya ya kutayarisha bili ambayo natakiwa kuisakinisha kabla mwezi haujaisha. Kila nikijaribu, kazi huenda vizuri hadi asilimia 90, kisha hutokea ujumbe kwamba huduma ya hifadhidata imeshindwa kuanza. Nimezima kinga ya mtandao ya Windows, nimeendesha kisakinishi kwa mamlaka ya msimamizi, nimerudia mara sita, na hali ni ile ile. Kosa liko wapi?

FundiSeva: Ndugu, je, kuna hifadhidata nyingine kwenye mashine hiyo? Fungua dirisha la amri, andika netstat -ano, kisha utazame kama poti 3306, yaani mlango wa namba hiyo ambao programu hupokelea mawasiliano, imeshikwa. Programu nyingi za aina hii huja na MySQL yake, yaani programu ya kuendesha hifadhidata, na MySQL hutumia poti hiyo isipoelekezwa kwingine.

Hesabu_Nakuru: Mimi ningeuliza kwanza kwa nini mlinunua programu mpya. Nimefanya kazi ya bili hapa Nakuru kwa miaka mingi, na niliyoyaona yananiambia kwamba makosa mengi huanzia langoni kwa mteja. Msomaji wetu aliwahi kuandika 0471 badala ya 0417, mama mmoja akaletewa bili ya uniti 54 ambazo hakuzitumia, naye akatembea na karatasi ile ofisi hadi ofisi kwa wiki mbili. Hakuna programu ambayo ingemwokoa. Wafundisheni wasomaji wenu kwanza.

MsomaMita_Mamboleo: Asante, dada, ila mimi mwenyewe ni msomaji na daftari langu ni safi. FundiSeva, poti hiyo imeshikwa kweli, lakini sidhani kama hilo ndilo tatizo.

FundiSeva: Imeshikwa na nini?

MsomaMita_Mamboleo: Na MySQL 5.7 ya mfumo wa zamani. Sikuitaja kwa sababu mfumo huo tunauacha. Seva ni ile ile moja, kwani fedha za seva mpya zilitumika kutengeneza pampu. Mpango wangu tayari ninao: Jumamosi usiku nitaiondoa MySQL ya zamani, kisha MySQL 8.0 inayokuja na programu mpya nitaielekeza kwenye folda ya data iliyopo ili iendelee pale ilipoachia mwenzake. Nakala ya akiba ninayo. Niliinakili folda hiyo kwenye flashi Jumatatu, makarani wakiendelea kuhudumia wateja, kwa sababu sikutaka kuwasimamishia kazi.

FundiSeva: Nakusihi usifanye hivyo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hiyo ndiyo sababu ya kukwama kwako, lakini dawa yake ni kumpa wa pili zizi lake: katika fomu ya usakinishaji andika poti 3307 na uchague folda mpya ya data, na zote mbili zitafanya kazi bega kwa bega. Jambo la hatari zaidi ni hiyo folda. MySQL 8.0 ikishaifungua data ya 5.7, huibadilisha muundo, na hakuna njia inayokubalika ya kuirudisha nyuma isipokuwa kwa nakala ya akiba. Na hiyo uliyonayo kwenye flashi ilinakiliwa faili zikiwa bado zinaandikwa, kwa hiyo huenda isifunguke kabisa. Tumia mysqldump, chombo cha MySQL cha kutoa nakala ya hifadhidata, uongeze --single-transaction kwenye amri yake, na makarani hawatalazimika kusimama ikiwa jedwali zenu ni za InnoDB, aina ya jedwali inayoruhusu hilo.

BiliBora: Ongeza pia --routines. Nilihamisha mfumo mmoja bila neno hilo, wateja wote wakafika salama na malipo yao, lakini taratibu za kukokotoa viwango zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata zikabaki nyuma, kwa kuwa mysqldump haizichukui isipoambiwa. Usiku wa kutoa bili, kila mteja akasomeka sifuri. Chunguza vilevile kama taratibu hizo zinataja jedwali linaloitwa groups bila alama za kulinda jina, kwa maana neno hilo katika 8.0 limekuwa neno maalumu na litaleta kosa.

MsomaMita_Mamboleo: Nawaelewa, lakini uongozi nimeshauahidi Jumamosi, na kuendesha mifumo miwili kutawachanganya makarani.

Mdadisi254: Nina shaka na kisa hiki. Anayenunua programu ya namna hii huletewa fundi wa muuzaji, naye hamruhusu msomaji wa mita kugusa seva. Poti, toleo na folda vinajitokeza kimoja kimoja kama maswali ya mtihani wa chuo. Tusimfanyie mtu kazi yake ya nyumbani.

MsomaMita_Mamboleo: Maneno hayo yameniuma. Fundi wa muuzaji hulipwa kando, na mimi ndiye niliyewaambia wakubwa zangu kwamba naiweza kazi hii, kwa sababu nina cheti na nilitaka nitolewe kwenye kusoma mita. Seva iko chini ya meza ya karani, juu ya matofali mawili, kwa kuwa mvua ikinyesha maji huingia mlangoni. Nimefungua sasa hivi faili ya makosa ya MySQL mpya, na mstari mmoja unauliza kama tayari kuna mysqld (seva ya MySQL) nyingine inayotumia poti 3306. Ningeutunga wa nini?

FundiSeva: Swali hilo ndilo MySQL huliuliza inapokuta poti imeshikwa. Mimi nakuamini. Waambie wakubwa zako leo, si Jumamosi, kwamba unahitaji siku za ziada, kisha uirejeshe nakala kwenye kompyuta nyingine kabla ya kugusa chochote.

Hesabu_Nakuru: Halafu chagua wateja watano wenye malimbikizo ya deni, ulinganishe salio la kila mmoja kwa mkono, pande zote mbili.

MsomaMita_Mamboleo: Meneja alikasirika, lakini amenipa hadi Jumatano. Nilitoa nakala kwa mysqldump na kuirejesha kwenye kompyuta ya mhasibu, kisha nikasakinisha kwa poti 3307, ikapita asilimia 90 bila kusimama. Jedwali la groups lilikuwepo kweli, nami nimerekebisha taratibu mbili. Wateja wanne salio lao linalingana. Wa tano amezidi kwa shilingi 380, na sasa nimelifungua daftari lake la mita.