Wasifu wa bibi yetu wa Rungwe: tarehe zinapishana, naanzia wapi?

MjukuuWaTukuyu
Shikamooni wakubwa. Bibi mzaa mama amefariki, tunamzika keshokutwa huku Rungwe, Mbeya, na kikao cha familia kimenikabidhi kuandika wasifu wa marehemu. Mkononi nina cheti cha ubatizo cha Kanisa la Moravian cha 1948 ambacho hakionyeshi tarehe ya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa kinachosema 1938, na maneno yake mwenyewe kwamba alizaliwa "mwaka wa nzige". Aliolewa upande wa Njombe, akafiwa na mume, akarudi kwao. Alizaa watoto 8, watatu wametangulia, na mwingine wa ndugu yake alimlea hadi akaoa. Niandike mwaka upi? Watoto niwapangeje yasizuke manung'uniko? Rasimu niliyopewa ni "alikuwa mcheshi, mkarimu, mcha Mungu" tu, haifiki nusu ukurasa.

KaraniWaUsharika
Poleni sana na msiba, mjukuu. Leo usiku usiandike kitu, kusanya kwanza. Na usianze na watoto wake. Wao wanamjua mama. Usichana wake wanaujua wadogo zake, mawifi zake na waliobatizwa pamoja naye. Tafuta wawili au watatu, zungumza na kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayesikika. Ukiruhusiwa, rekodi kwa simu.

Kuhusu mwaka: nzige wekundu walivamia nchi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hawakuwa wa msimu mmoja, kwa hiyo "mwaka wa nzige" ni kipindi. Sasa pima. Aliyezaliwa 1938 angebatizwa akiwa na miaka 10. Wa 1932 angekuwa na 16. Uliza kama alibatizwa mtoto au binti aliyepitia mafundisho. Vita vya Hitla vilipoanza 1939, alikuwa bado anabebwa au alishatumwa maji? Siku ya Uhuru, Desemba 1961, nani alikuwa mgongoni mwake? Reli ya TAZARA (ya kwenda Zambia) ilipokuwa inajengwa, 1970 hadi 1975, alikuwa bado Njombe au alisharudi? Swali la mtoto wa mgongoni ndilo haliniangushi kamwe, kwa sababu mtoto huyo mara nyingi yupo hapo msibani na umri wake unajulikana.

Majibu yakielekea upande mmoja, andika "alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930" na uishie hapo. Usibuni siku na mwezi ili sentensi ipendeze, kwa sababu tarehe hiyo itahamia kwenye msalaba wa kaburi, na baadaye watu wataulizana mbona cheti cha kifo kinasema vingine. Wasifu si hati ya kisheria. Kwenye cheti cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) na mambo ya mirathi fuateni kitambulisho. Ila majina yake matatu yaandike herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha ufuatishe lile la nyumbani.

Angalia pia Biblia yake na kitabu cha nyimbo, kurasa za mwanzo na za mwisho. Wazee wengi huandika humo tarehe za watoto. Na muulize mchungaji kama aliacha maandishi yoyote. Wamoravian wana desturi ya tangu miaka ya 1700 ya muumini kuandika mwenyewe safari ya maisha yake ili isomwe atakapozikwa, na kanisa hilo lipo Rungwe tangu 1891. Mkipata hata nusu karatasi ya mwandiko wake, isomeni kama ilivyo, msiirekebishe lugha.

Zile sifa, kila moja ibadilishe iwe tendo. Kama alilima chai, futa "mchapakazi" uandike: "Alichuma chai yake mwenyewe, majani mawili na chipukizi, na jani gumu alilitoa kikapuni kabla ya kufika kwenye mizani ili mzigo usikataliwe." Waliochuma naye watamwona hapohapo. Matendo matatu ya namna hiyo yanatosha.

Mama_Makambako
Pole mwanangu. Mimi nizungumzie watoto, maana hapo ndipo misiba mingi inapoharibika.

Panga kwa kuzaliwa. Si wa kiume kwanza, si wenye vyeo kwanza. Taja wote 8, na waliotangulia wasomwe kwenye nafasi zao kwa neno "marehemu", halafu useme walio hai ni 5. Ukiwatenga mwishoni, watoto wao waliokaa pale watasikia wamewekwa pembeni. Aliyelelewa, muulize yeye na upande uliomzaa, kisha mtaje mara tu baada ya hao 8: "Alimlea pia…" Usimshushe kwenye kundi la wajukuu, na maneno kama "wa kufikia" yasitumike.

Wajukuu, vitukuu na vilembwe ni idadi tu. Kila nyumba itume hesabu yake leo, jumlisha mara mbili. Ukitaja mjukuu mmoja kwa jina itabidi uwataje wote.

Ukweni Njombe wape sentensi zao: jina la babu, kijiji, miaka aliyoishi huko, alilima nini. Wanasafiri mbali kuja kuzika. Wasiposikia kijiji chao kikitajwa wataondoka na neno moyoni. Andika "Njombe, wakati huo ikiwa haijawa mkoa", kwa kuwa mkoa wa Njombe umeanza 2012.

Ugonjwa ni sentensi moja, pasiwe na neno la kumshuku mtu. Aliyemwogesha na kumlisha siku za mwisho, awe binti au mkwe, ashukuriwe kwa jina akikubali. Kabla ya kuchapa, soma orodha yote mbele ya mzee mmoja wa kwao na mmoja wa ukweni.

MjukuuWaTukuyu
Asanteni sana. Bibi mdogo amethibitisha: walipitia mafundisho pamoja, na marehemu alikuwa mkubwa kwake, alishajua kusuka mikeka. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa mgongoni siku ya Uhuru, wa tatu kuzaliwa. Kwa hiyo 1938 siiandiki, nitaandika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na kuhusu kusoma? Wazee wengi wanataka Kinyakyusa.

MshereheshajiIringa
Poleni. Maneno 500 hadi 600, ndiyo dakika tano au sita kwa kusoma taratibu. Ikizidi hapo watu waliosimama migombani wanaanza kuzungumza. Soma kwa sauti ukiwa na saa, mara mbili. Herufi ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba, sentensi isikatike kati ya kurasa mbili. Tukuyu mvua haina taarifa: kila ukurasa kwenye mfuko wake wa plastiki unaoonyesha. Nakala tatu, yaani msomaji, mchungaji na mwongozaji, kwa sababu mwongozaji ataita mashada kwa mpangilio uleule wa majina.

Soma kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa Njombe, na sehemu ya utoto wake irudiwe kwa Kinyakyusa na mzee anayekimudu. Msomaji asiwe mtoto wake wa kuzaa. Mjukuu mkubwa au mpwa anafaa, na awepo wa pili mwenye nakala, akae jirani, aendeleze pale sauti itakapokatika. Majina ya ukweni ayafanyie mazoezi na mtu wa huko leo, si asubuhi ya mazishi.

Ule mstari wa Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", uwe juu ya ukurasa wa mwisho, peke yake, na nafasi kubwa chini yake. Msomaji anyanyue macho anapoutamka, maana watu wote watauitikia.