Ubuntu 24.04 inakataa pip: je, maabara ihamie uv?

Mwalimu wa Gulu
Ndugu wanajukwaa, maabara yetu ya kompyuta imehamia mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04, na tangu hapo amri ya pip install, inayosakinisha maktaba za lugha ya programu ya Python na ambayo wanafunzi walikuwa wakiiandika bila kufikiri, inakataliwa kwa maelezo kwamba Python ya kompyuta inasimamiwa na mfumo wenyewe. Wajanja wao wamegundua kuwa kuongeza --break-system-packages kwenye amri huondoa kizuizi. Je, ni busara kuhamia uv, kifaa kingine cha kusimamia maktaba za Python, ikizingatiwa kwamba data tunainunua wenyewe?

Fundi Jinja
Mwalimu, hilo la --break-system-packages lipige marufuku leo. Programu kadhaa za Ubuntu zimeandikwa kwa Python na hutegemea maktaba zile zile, hivyo mwanafunzi akipandisha toleo la maktaba moja kwa ajili ya zoezi lake, anaweza kuharibu kifaa cha mfumo asichokijua. Ndiyo sababu ya PEP 668, utaratibu wa Python unaozuia pip kugusa maktaba za mfumo. Sakinisha python3-venv kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, kisha kwa venv kila mradi upewe mazingira yake, yaani folda ya maktaba iliyotengwa na za mfumo. Moduli ya venv imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, na kwa mazoezi ya darasani inatosha kabisa.

Msanidi wa Mbarara
Inatosha, lakini haihifadhi kumbukumbu ya matoleo. Kasi ya uv, ambayo kampuni ya Astral iliitoa Februari 2024, husifiwa mno, ingawa kwa mtandao wa kusuasua sioni kama ndiyo hoja. Faida yake kwangu ni faili la uv.lock, ambalo huandika toleo kamili la kila maktaba pamoja na zile zinazotegemewa nayo, hata kompyuta zote zikalingana. Maktaba iliyokwisha kupakuliwa hubaki katika akiba na kutumiwa na miradi mingine, ila akiba hiyo ni ya kompyuta moja tu. Angalizo: mradi ukidai Python 3.13 ilhali Ubuntu hiyo ina 3.12, uv itajipakulia 3.13 yenyewe, na data yenu itakwenda bila mtu kuulizwa. Mpangilio wa --no-python-downloads huzuia hilo.

Mwalimu wa Gulu
Je, tunaweza kupakua mara moja tu kwa maabara nzima?

Fundi Jinja
Naam. Kwenye kompyuta moja tumia pip download kujaza folda, isambaze kwa flashi, kisha kwingine sakinisha kwa --no-index (usitafute mtandaoni) na --find-links (chukua kwenye folda hii), ambazo amri za pip na uv pip zote huzikubali. Kompyuta ya kupakulia iwe na Python 3.12 na aina ile ile ya prosesa, kwani maktaba kama NumPy, ya hesabu, hutolewa zikiwa zimeshageuzwa kuwa lugha ya mashine kwa toleo na prosesa mahususi.